Bafa Ikifurika: Mwongozo Kamili wa Kukagua na Kuziba Seva Yako ya Apache

Gesti nyingi za Dodoma bado zina lile daftari kubwa la wageni lililopigwa mistari kwa rula: jina, kazi, kabila, anakotoka, anakokwenda, chumba, sahihi. Mgeni mwenye majina manne akiandika kwa herufi kubwa, jina linavuka mstari, linaingia kwenye kazi, linakula kabila, na likiendelea linafunika pale palipokuwa pameandikwa anakokwenda. Mhudumu akifungua asubuhi hajui tena kama mgeni yule alikuwa anaelekea Singida au Iringa.

Mfuriko wa bafa ni jambo hilohilo, ila linatokea ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Bafa ni nafasi ambayo programu imejikatia ili kuhifadhi data kwa muda, tuseme herufi 512. Apache na nginx, programu zinazomtumia kurasa za tovuti anayezifungua, zimeandikwa kwa lugha ya C, na C haikagui yenyewe kama kinachoingia kinatosha. Mwandishi wa programu akisahau kupima, data inamwagikia kwa jirani. Kuna aina ya mfuriko ambapo jirani huyo ndiye hasa "anakokwenda": anwani inayoiambia prosesa irudi wapi ikimaliza kazi iliyo mkononi. Mtu anayejua kuandika jina refu kwa hesabu kamili anaweza kuijaza safu hiyo yeye mwenyewe, na seva ikaenda alikoandika.

Ninamwandikia mtu anayelea seva moja au mbili peke yake: ya gesti ya Kisasa, ya kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo wanaopokea oda mtandaoni, ya duka la dawa, ya shule. Huna kitengo cha usalama. Una laptopu, bando la simu na nywila ya seva, na hivyo vinatosha kwa kazi yote iliyomo humu. Nitafuata mwanya mmoja wa kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, CVE-2021-44790 (CVE ni nambari rasmi ya mwanya wa usalama uliotangazwa), kwa sababu ukiweza kuufuata huu, utaufuata na mwingine wowote utakaotangazwa kesho. Amri ni za Ubuntu na Debian. Za mifumo mingine nitazitaja zinapotofautiana.

Kosa lenyewe

Apache ina moduli inayoitwa mod_lua, inayokuwezesha kuandika kurasa za tovuti kwa lugha ya Lua. Ndani yake kuna kazi ya r:parsebody(), ambayo husoma fomu iliyotumwa na mteja. Fomu yenye faili hutumwa kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna mstari wa mpaka. Ili kujua kipande kina data kiasi gani, msimbo ulitafuta mahali vichwa vya kipande vinapoishia, ukatafuta mpaka unaofuata, ukapima umbali kati ya hayo mawili, kisha ukatoa 8, maana herufi 8 za umbali huo ni alama za kufungia na kufungulia tu.

Kwa fomu ya kawaida hesabu inakubali. Sasa fikiria mtu ametengeneza ombi kwa makusudi ambalo umbali huo ni 7. Saba kutoa nane, mtoto wa shule atakwambia ni hasi moja. Lakini aina ya nambari iliyotumika pale haijui hasi. Inazunguka, kama mita ya gari la zamani inavyosoma 99999 ukiirudisha nyuma kutoka 00000. Kwenye mashine ya biti 64 jibu linakuwa 18,446,744,073,709,551,615.

Kisha inakuja sehemu inayoniuma kila nikiisoma. Msimbo unaomba nafasi ya urefu huo na kuongeza 1. Mita inazunguka tena na kuwa sifuri. Kwa hiyo kilichokatwa ni bafa ya ukubwa wa sifuri, halafu inatolewa amri ya kunakili ndani yake data ya ukubwa ule wa kutisha. Kwa uchache mchakato unakufa. Kuandika nje ya bafa kunaweza kuzaa mabaya kuliko kufa. Apache waliupa mwanya huu uzito wa juu, na alama yake kwenye CVSS, kipimo cha ukali wa mianya, ni 9.8 kati ya 10. Umo kwenye matoleo yote ya 2.4 hadi 2.4.51. Marekebisho, ambayo ni kukagua umbali kabla ya kutoa, yalitoka na toleo la 2.4.52 tarehe 20 Desemba 2021. Wakati huo Apache walisema hawajui shambulio lolote lililokwisha kutengenezwa.

Usijipe moyo kwa sentensi hiyo ya mwisho. Mwaka 2001 seva ya IIS ya Microsoft ilikuwa na mfuriko wa bafa, na kiraka chake, yaani marekebisho ya kuuziba, kilitolewa tarehe 18 Juni. Mnyoo wa Code Red, programu haribifu inayojisambaza yenyewe, ulipovuma tarehe 19 Julai, kompyuta zaidi ya 359,000 ziliambukizwa kwa muda usiofika saa 14. Dawa ilikuwa imekaa mezani mwezi mzima. nginx nayo ilipata wake mwaka 2013, kwenye matoleo ya 1.3.9 hadi 1.4.0, na ule ulikuwa wa aina ya kufunika "anakokwenda" kabisa.

Kwanza: jua nani anashika mlango

Hatua hii watu wengi huiruka, na mimi niliwahi kuiruka.

Nilikabidhiwa seva ya gesti moja hapa mjini. Aliyeitengeneza alikuwa amehama zamani na hakuacha hata karatasi. Niliingia, nikaandika apache2 -v, nikaona toleo, nikafanya masasisho yote ya apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, bila kosa hata moja. Nikampigia mwenye gesti. "Shikamoo mama. Kazi imekwisha, seva iko salama." "Marahaba mwanangu, Mungu akubariki."

Wiki tatu baadaye nilikuwa natafuta kwa nini cheti kipya cha TLS hakionekani kwenye kivinjari, na ndipo nikaandika amri ambayo ningeiandika siku ya kwanza:

sudo ss -tlnp | grep -E ':80|:443'

Nilitegemea kuona neno apache2. Niliona httpd. Nikachukua nambari ya mchakato iliyoandikwa kando ya pid= na kuuliza programu hiyo inakaa wapi:

sudo readlink /proc/1147/exe

Jibu: /usr/local/apache2/bin/httpd. Yule bwana alikuwa ameijenga Apache kwa mkono kutoka kwenye msimbo, toleo la 2.4.46, na apt haikujua habari zake. Apache niliyoisasisha kwa bidii ilikuwa imewekwa tu, haipokei hata ombi moja. Nilikwenda kwa mama yule mwenyewe, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mlango ulioufunga si huu tunaopita?"

Ndiyo, mama. Si huo.

Kwa hiyo anza hapo. Kama readlink inajibu /usr/sbin/apache2, hiyo ni Apache ya Ubuntu na utaendelea kwa apt. Kama inajibu chochote chini ya /usr/local au /opt, mtu aliijenga au aliiweka kwa mkono, na kila amri utakayoandika lazima ielekezwe kwenye faili hilo. Kama anayeshika mlango ni nginx na Apache iko nyuma yake, kagua zote mbili. Na kama ni XAMPP kwenye kompyuta ya ofisi ya shule, iondoe kwenye intaneti leo. XAMPP ni ya kujifunzia na kujaribia, haikutengenezwa kukaa hadharani.

Ukiwa kwenye seva ya kushirikiana, yaani umekodi nafasi tu na huna ruhusa ya root, huwezi kufanya haya mwenyewe. Mwandikie anayekukodisha, taja nambari ya CVE, mwombe akujibu kwa maandishi kama kiraka kimewekwa na tarehe kilipowekwa. Asiyeweza kujibu swali hilo, anza kutafuta mwingine.

Moduli imewashwa?

apache2ctl -M | grep lua

Kama hakuna kinachotoka, mwanya huu haukufikii. Ubuntu haiwashi mod_lua yenyewe. Sasisha hata hivyo, ila unaweza kulala. Ukiona lua_module, tafuta kama kuna kinachoitumia:

sudo grep -rn "parsebody" /var/www /etc/apache2

Kwa Apache iliyojengwa kwa mkono, amri ya kwanza inakuwa /usr/local/apache2/bin/httpd -M, na kwenye ya pili utaongeza folda ya /usr/local/apache2.

Kama tovuti yako ni ya PHP na hakuna anayekumbuka Lua ni nini, izime sasa hivi, hata kabla ya kiraka:

sudo a2dismod lua
sudo apache2ctl configtest
sudo systemctl restart apache2

Usiruke configtest. Kama kuna mahali kwenye mipangilio mtu alitumia agizo la Lua, kwa mfano LuaMapHandler, itakataa na kukwambia faili na mstari. Hapo umegundua kwamba moduli inatumika, na umegundua seva ikiwa bado inapumua. Kwenye Apache ya kujengwa hakuna a2dismod, fungua httpd.conf, weka alama ya # mbele ya mstari wa LoadModule lua_module.

Kiraka kimo? Nambari ya toleo haitakwambia

Hapa ndipo ninapoulizwa maswali mengi zaidi. Mtu anaandika apache2 -v kwenye Ubuntu 20.04, anaona 2.4.41, anasoma kwamba mwanya umezibwa kwenye 2.4.52, anaingiwa na hofu. Mwingine anaona nambari kubwa na kutulia. Wote wawili wamesoma maandishi ya gunia badala ya kuliweka kwenye mizani, na kila aliyewahi kununua mahindi Kibaigwa anajua gunia la lumbesa nalo huitwa gunia.

Ubuntu kwa kawaida haibadilishi toleo katikati ya maisha ya mfumo, ingawa Debian wakati mwingine huipandisha Apache yake. Ubuntu inachukua marekebisho ya usalama peke yake na kuyashonea kwenye toleo la zamani. Nambari ya mbele inabaki 2.4.41, kinachosogea ni mkia unaofuata baada ya kistari. Kwa hiyo uliza historia ya kifurushi:

zgrep CVE-2021-44790 /usr/share/doc/apache2/changelog.Debian.gz

Mstari ukitoka, kiraka kimo. Usipotoka, usihukumu bado, kwa sababu Ubuntu hufupisha faili hilo na maingizo ya zamani hukatwa. Andika apt policy apache2 na utazame mistari miwili, Installed na Candidate. Zikifanana, andika:

apt changelog apache2 | grep CVE-2021-44790

Mpangilio huo una maana. Amri ya apt changelog inakuletea historia ya kifurushi kilichopo tayari kuwekwa, si lazima kile kilichowekwa. Nimewahi kuona mtu akiitumia peke yake na kuamini ana kiraka ambacho kilikuwa bado kiko kwenye hazina ya Ubuntu.

Kwenye Rocky au AlmaLinux: rpm -q --changelog httpd | grep CVE-2021-44790. Na kama bado uko kwenye Ubuntu 20.04, msaada wake wa kawaida uliisha mwaka 2025. Hamia toleo jipya, au jiunge na Ubuntu Pro, ambayo kwa matumizi binafsi ni bure hadi mashine 5.

Kuziba

Chagua saa. Gesti za Dodoma hujaa Bunge likikaa, na mteja aliyekosa kulipia chumba mtandaoni hatasubiri umalize, anakwenda gesti ya jirani. Mimi hufanya saa kumi alfajiri.

Chukua nakala kwanza:

sudo tar czf /root/kabla-ya-kiraka.tgz /etc/apache2 /var/www

Ongeza na nakala ya hifadhidata, kisha uvute vyote hadi kwenye laptopu yako. Nakala iliyokaa kwenye seva ileile ni sawa na ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani.

Kabla ya kugusa apt, andika tmux. Bando la simu likikatika katikati ya masasisho, kikao cha SSH, yaani muunganisho wako na seva, kinakufa na kifurushi kinabaki nusu. Ndani ya tmux kazi inaendelea hata ukipotea hewani. Ukirudi unaandika tmux attach na unaikuta. Ikiwa imeshakatika bila tmux, sudo dpkg --configure -a ndiyo ya kuanzia.

sudo apt update
sudo apt install --only-upgrade apache2 apache2-bin
sudo apache2ctl configtest
sudo systemctl restart apache2

Ukiulizwa kama ubadilishe faili la mipangilio, jibu N ubaki na la kwako.

Kwa Apache ya kujengwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuijenga upya kwa msimbo wa toleo jipya, ukithibitisha sahihi ya faili ulilopakua. Vigezo alivyotumia aliyetangulia utavikuta kwenye /usr/local/apache2/build/config.nice. Ya pili ni kuhamisha tovuti kwenye Apache ya Ubuntu na kuizima ile ya mkono moja kwa moja. Ninashauri ya pili bila kusita. Apache ya mkono inahitaji mtu wa kuikumbuka kila mwezi, na watu huhama miji. Kwenye ile gesti ilinichukua siku nzima, nyingi ikienda kwenye vyeti na njia za faili, na tangu hapo masasisho ya apt yanafika mlangoni.

Thibitisha kwenye mchakato wenyewe

Kiraka kilicho kwenye diski hakilindi mchakato ulioanza kabla yake. Rudia ss, chukua nambari mpya ya mchakato (kwenye mfano huu 2093), kisha:

ps -o lstart= -p 2093
sudo ls -l /proc/2093/exe
sudo grep -l 'mod_lua.*deleted' /proc/*/maps

Ya kwanza inakupa saa mchakato ulipoanza, na lazima iwe baada ya kuweka kiraka. Ya pili isiwe na neno deleted mwishoni. Likiwepo, programu ya zamani bado iko hai kwenye kumbukumbu ingawa faili lake limefutwa. Ya tatu isitoe kitu. Ukiona deleted popote, washa upya kwa restart, wala usiridhike na reload.

Angalia kama kuna aliyekutangulia

sudo zgrep "Segmentation fault" /var/log/apache2/error.log*

Mchakato wa Apache ukifa kwa kuandika pasipotakiwa, utaona mstari wenye AH00052, child pid na exit signal Segmentation fault (11). Mmoja kwa mwezi si ushahidi, kwani moduli mbovu ya PHP nayo huua. Kumi ndani ya dakika moja, na kwenye access.log dakika hiyohiyo kuna maombi ya POST kutoka anwani moja, hapo kaa chini. Tazama www-data, mtumiaji ambaye Apache ya Ubuntu huendeshwa kwa jina lake, anaendesha nini kwa ps -u www-data -f, kama ana kazi za ratiba kwa sudo crontab -u www-data -l, na faili zipi zimebadilika ndani ya wiki mbili kwa find /var/www -type f -mtime -14.

Ukikuta kitu, usifute. Itoe seva mtandaoni, nakili logi zote, badilisha nywila ukiwa kwenye kompyuta nyingine, na utoe taarifa kwa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA. Kama ni seva ya taasisi ya umma, Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hapahapa Dodoma. Na kama seva ilikuwa na majina, simu na vitambulisho vya wageni, jua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na mwenye biashara. Mwambieni mwanasheria mapema.

Hamu ya kujaribu mwanya huu ikikujia, jenga mashine pepe kwenye laptopu yako na uijaribu humo. Kuigusa seva ya mtu mwingine bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia yako ilikuwa kumsaidia.

Yanayobaki

Washa masasisho ya usalama ya moja kwa moja: sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades. Hakikisha sysctl kernel.randomize_va_space inajibu 2, maana hapo anwani za kumbukumbu huchanganywa kila programu inapoanza, na anayetaka kujaza "anakokwenda" hajui aandike nini.

Weka pia LimitRequestBody 10485760, yaani megabaiti 10, kama fomu zako hazipokei faili kubwa. Hadi toleo la 2.4.53 Apache haikuweka kikomo chochote, kuanzia 2.4.54 kikomo ni gigabaiti 1. Lakini usidanganyike kwamba kikomo hiki kinaziba mwanya tulioueleza. Ombi linaloleta ile hasi moja ni dogo kuliko picha ya pasipoti.

Kwenye droo ya mapokezi ya ile gesti, chini ya daftari la wageni, sasa kuna karatasi moja iliyopigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni jibu la readlink, ya tatu mkia wa toleo, ya nne saa mchakato ulipoanza. Ninaijaza kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na mama huisoma safu kwa safu kabla ya kutia sahihi.